Msiba Uliochelewa Kufika Wingwi

Alkhamisi, 12 Septemba 2024

Mzee Turki bin Jawad ameusia kwamba siku akifa, watu wa Wingwi wasipelekewe habari. Nimeambiwa na binti yake, Yumna, leo saa nne asubuhi, mlangoni mwa studio. Wasia umeandikwa na umeshuhudiwa na watu wawili. Daktari amewaambia moyo wa mzee umechoka, na hawezi kuwaahidi mwaka mpya.

Yumna hakuja kwa ajili ya wasia. Aliutaja ili nijue haraka yake ni ya nini. Alikuja na ombi. Baba yake husikiliza kila Alkhamisi kipindi changu cha asili ya maneno ya siasa, na anataka nilieleze neno "kususia". Mfano anao mwenyewe. Anataka arekodiwe kabla sauti haijamtoka.

"Kasema asije mwengine, Ami Fahmi. Uje wewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyelipokea tangazo la maziko ya bibi."

Nilimwambia nitatazama ratiba. Ratiba ilikuwa mkononi mwangu na ilikuwa tupu.

Kipindi cha leo jioni: siasa. Limetoka Kiarabu, na huko mwanzo wake ni kazi ya kumtunza na kumwongoza farasi. Anayefanya kazi hiyo hata sisi tunamwita saisi. Msikilizaji wa Kiuyu akapiga simu: "Yakhe, kumbe miaka yote hii farasi ni sie?" Ummi, anayeendesha kituo chetu, alicheka mpaka akazima kipaza sauti chake. Mimi niliaga wasikilizaji dakika mbili kabla ya wakati.

Ijumaa, 13 Septemba

Kazi yangu ni kuandika yaliyotokea. Hili sijaliandika popote kwa miaka ishirini na minane.

Machi 1996. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nafanya kazi kwenye ofisi ya redio hapa Chake Chake. Kila asubuhi nilipokea matangazo ya vifo na kuyasoma kwa simu Unguja, ili yatoke kabla ya taarifa ya habari ya mchana. Simu za mkononi hazikuwapo. Mtu akifa kusini, jamaa zake wa kaskazini walijua kwa redio au hawakujua.

Mwaka ule kisiwa kilikuwa kimegawika. Mtu hakununua kwenye duka la mtu wa chama kingine, hakuswali nyuma yake, hakwenda kwenye harusi yake. Turki alikuwa sheha huko Wingwi, yaani mkono wa serikali kijijini. Wengi wa ukoo wake na wengi wa kijiji walikuwa upande wa pili. Walimwita kibaraka. Na mimi, niliyekuwa upande huo huo wa pili, nilimwita hivyo, ingawa sikuwa namjua.

Mama yake, Bi Thuraiya, alisomesha Kurani watoto wa Wingwi kwa miaka arubaini. Aliugua, akahamishiwa kwa binti yake Vitongoji, akafia huko. Saa mbili asubuhi Turki aliniletea karatasi: maziko saa kumi alasiri, Vitongoji, habari ziwafikie watu wote wa Wingwi. Niliipokea kwa mikono miwili. Nilimpa maji ya kunywa.

Asubuhi ile yalikuwapo matangazo saba. Nilisoma sita.

Hakuna aliyeniamuru. Chama changu hakikujua. Simu ilikuwa nzima. Nilifikiri: na yeye aonje siku moja.

Kutoka Wingwi hakuja mtu. Wiki iliyofuata nikapeleka habari kwenye gazeti moja la Bara, kwamba watu wa Wingwi wamesusia maziko ya mama wa sheha. Niliandika idadi ya wanaume waliozika: kumi na mmoja. Idadi ilikuwa sahihi. Habari ile ndiyo iliyonipa jina.

Jumatatu, 16 Septemba

Maulidi. Ofisi imefungwa. Sikwenda popote.

Alkhamisi, 19 Septemba

Neno la leo: raia. Kwa Kiarabu ni kundi linalochungwa. Simu kumi na mbili, nyingi za mzaha. Bibi mmoja wa Wete alitaka kujua kama kondoo naye anaruhusiwa kubadilisha mchungaji. Nilimjibu kwamba mimi hushughulikia asili ya maneno tu. Ummi alisema jibu langu lilikuwa baridi.

Karafuu zimeanza kukomaa. Siti, mke wangu, ameshusha majamvi darini.

Jumanne, 24 Septemba

Vitongoji. Nilifika saa tatu. Mzee Turki yuko kwenye kitanda cha kamba, ukumbini, mito mitatu mgongoni. Amekonda, lakini macho yake ni ya mtu anayekagua. Nilimtolea shikamoo.

"Marahaba. Umeota mvi, Fahmi."

"Nimeota, mzee."

"Yumna! Njoo umwone. Huyu ndiye niliyekwambia. Siku ile kila ofisi ninayoingia watu wananipa mgongo, ati sheha kaja. Huyu kaniinukia, kanipa maji. Kijana wa upande wa pili, lakini kalelewa."

Yumna alinitazama kwa heshima. Nikawasha mashine ya kurekodi ili niwe na kitu cha kushika.

Alieleza kwa utaratibu, kama mtu aliyekwisha kulieleza mara nyingi akiwa peke yake. Walimwosha mama mapema. Maziko yalikuwa saa kumi, lakini Wingwi ni mbali na njia ni mbovu, kwa hiyo wakangoja. Saa kumi na nusu. Saa kumi na moja. Imamu akasema maiti hacheleweshwi zaidi ya hapo.

"Nilikuwa nasimama njiani, Fahmi. Nikisikia gari nasema ndio hao. Gari inapita. Watoto aliowafundisha alifu mpaka wakahitimu! Mie wanichukie, haki yao, nilikuwa sheha. Mama alikuwa na kosa gani?"

"Baada ya hapo?"

"Duka nimefunga. Usheha nimerudisha. Wingwi sijatia mguu." Akapumzika kidogo. "Na wao wakifiwa, siendi. Mwaka elfu mbili na tano Usama, mtoto wa Kificho, alizama. Nilisikia redioni. Sikwenda."

Kificho alikuwa jirani yake huko Wingwi, mlango kwa mlango. Usama alisoma kwa Bi Thuraiya.

Akamwashiria Yumna alete bahasha. Ndani mlikuwa na kipande cha gazeti kilichogeuka rangi ya chai. Jina langu lilikuwa juu yake.

"Hiki nimekihifadhi. Weye ndiye pekee uliyeandika ukweli."

Nilizima mashine. Nilisema sauti imetoka vizuri. Dakika hamsini na nne.

Alkhamisi, 26 Septemba

Nilimwambia Ummi kwamba "kususia" haliko tayari. Tukatoa "kura": kwa Kiarabu, kipande kinachotupwa au kuchaguliwa ili bahati iamue. Nilisoma maandishi yangu neno kwa neno.

Jumatano, 2 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Karafuu za Siti ziko chini ya turubai.

Jumanne, 8 Oktoba

Kila habari ina upande wa pili, na upande wa pili ni lazima uulizwe. Hiyo ndiyo sababu niliyompa Ummi ya kwenda Wingwi. Kwa kweli nilitaka nimkute mtu wa Wingwi atakayeniambia kwamba walijua, wakakataa kwa makusudi. Yaani nilikwenda kutafuta mtu wa kubeba mzigo wangu.

Kificho ana miaka sabini na miwili na bado analima mwenyewe. Nilimkuta anafunga mbuzi. Nilimwambia mimi ni wa redio, nikawasha mashine, nikasema ninafanya kipindi juu ya neno "kususia". Jina sikumtajia, na yeye hakuniuliza.

"Kususia? Nenda Vitongoji ukamuulize Turki. Bingwa yupo kule."

"Yeye anasema nyinyi ndio mliosusia."

Akaiachia kamba. Mbuzi akaondoka, hakumfuata.

"Sisi? Sikiliza. Bi Thuraiya kafa Jumanne. Sisi tumejua Ijumaa, tena kwa muuza dagaa! Kaja na baiskeli yake anasema, poleni na mwalimu wenu. Mwalimu gani? Tukawa tunatazamana kama majuha. Mke wangu alikuwa kamtengea yule bibi shuka ya kitanda, ampelekee mgonjwa. Matanga yameshaondoka."

"Kwa nini hamkwenda kuhani siku ile ile ya Ijumaa?"

"Kwenda kwa ntu ambaye hakututaka? Redio ilikuwa yao, wao ndio serikali. Angetutaka si angetutangazia? Hakutangaza. Kamzika mama yake kimya kimya ili sisi wa upande wa pili tusimguse. Halafu wakatuandika gazetini kwamba tumesusia! Yule mwandishi sijui walimpa nini."

Sauti yake haikupanda. Alikuwa anaeleza tu.

"Usama alipozama," akasema, "nilimweka mtoto wangu mpaka saa kumi na moja. Nilisema Turki atakuja. Vyama vilishapatana na kugombana tena mara ngapi. Atakuja."

Nilimsaidia kumkamata mbuzi. Nikashukuru, nikaondoka. Garini nilisikiliza rekodi yake yote, kutoka Wingwi mpaka Wete.

Kwa miaka ishirini na minane nimekuwa nikijiambia kwamba hata wangejua wasingekuja. Kwamba nilichofanya ni kuwaondolea taabu ya kukataa. Hilo ndilo nililolalia. Leo limekwisha.

Alkhamisi, 10 Oktoba

Ummi alisikiliza rekodi zote mbili kabla ya kipindi. Ana miaka thelathini na moja. Siku zote nimemhesabu kuwa mtoto wa kompyuta, anayejua kukata sauti lakini si habari. Alivua vipokea sauti masikioni akauliza swali moja.

"Maalim, hawa hawapingani. Mmoja anasema alitangaza, mwengine anasema hakusikia. Tangazo lilikwenda wapi?"

"Simu za wakati ule," nikasema. "Zilikuwa mbovu."

Akaandika kwenye daftari: thibitisha hali ya simu, Machi 1996.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimemdanganya Ummi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Jua. Siti ameanika. Anachambua karafuu kwa vidole viwili huku akinisimulia mambo ya jirani. Mara mbili aliniuliza kitu na mara mbili sikusikia.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimemwambia Siti. Nilimwambia jikoni, baada ya chakula cha mchana, kwa mpangilio: tarehe, karatasi, simu, gazeti. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuosha sahani.

"Baba alinipa kwako kwa sababu ya gazeti lile," akasema. "Alikuwa halitoi mfukoni. Kijana huyu haogopi, anaandika kama alivyoona."

"Najua."

"Hujui. Mama alikuwa hakutaki. Ukashinda kwa kura moja, na kura yenyewe ya wizi."

Nilidhani anacheka. Hakuwa anacheka.

"Mzee wa watu anaondoka na wasia kwamba asizikwe na majirani zake. Na weye unakaa kunieleza mie. Mie nimefiwa?"

"Natafuta namna ya kumwambia."

"Utaitafuta mpaka azikwe. Huo ndio ustadi wako."

Jumatano, 16 Oktoba

Mvua.

Alkhamisi, 17 Oktoba

Nilikwenda Vitongoji. Mzee alikuwa amepelekwa hospitali kupimwa. Nilirudi nikiwa nimefarijika, na hilo pia naliandika.

Jumanne, 22 Oktoba

Vitongoji, saa nne asubuhi. Mzee amerudishwa nyumbani. Anapumua kwa taabu lakini anazungumza. Yumna alikuwa mlangoni mwa chumba, anakunja nguo. Nilimwomba abaki.

"Mzee, tangazo la mama yako sikulipeleka."

"Tangazo gani?"

"La Machi tisini na sita. Ulilonipa."

Alinitazama kidogo. "Simu zilikuwa mbovu wakati ule."

Alikuwa ananifungulia mlango mwenyewe. Ningeweza kupita.

"Simu ilikuwa nzima. Nilisoma sita. Lako nililitia mfukoni. Wingwi hawakujua chochote mpaka Ijumaa. Na habari ya gazetini niliiandika huku najua."

Yumna aliacha kukunja. Mzee hakupiga kelele. Alianza kuuliza, swali moja moja, kama nilivyokuwa nikiwauliza watu maisha yangu yote.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Chama?"

"Hakuna, mzee. Nilikuchukia mwenyewe."

"Mie nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Nilikuwa sikujui. Nilikuwa nalijua jina ulilopewa."

"Kibaraka."

"Ndiyo."

"Hilo mbona hujalifanyia kipindi?"

"Sijathibitisha asili yake. Nimekusanya maelezo matatu, hayakubaliani."

"Ah. Ungekuwa na hadhari hiyo wakati ule." Akamwomba Yumna maji, akanywa, akarudisha kikombe. "Siku ile nilikwambia Mungu akulipe. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Gazeti lako niliwasomesha wanangu. Huyu hapa alikuwa na miaka saba. Nikawaambia, mnaona? Hata mwandishi kaona. Msiwape salamu. Yumna, nilisema sikusema?"

"Ulisema, baba."

"Usama alipozama, gari ilikuwapo mlangoni na nguvu nilikuwa nazo. Nilikaa nikala wali. Nikajisifu, ati nimelipa." Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. "Nimemlipa nani, Fahmi? Kificho alikuwa hanidai kitu."

Akajiinua kidogo juu ya mito.

"Unataka radhi?"

"Nilitaka ujue."

"Usiniletee hayo. Ntu hatoki Chake Chake kuja kutaka nijue."

"Nataka radhi."

"Leo sina."

Yumna alisema, kwa sauti ya chini lakini kali: "Ami, ulipokuja na mashine yako ulimwacha akakusifu dakika hamsini."

"Hamsini na nne," nikasema. Nilijuta kabla neno halijamaliza kutoka. Mzee, Mungu amweke, alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na Yumna akaniangalia kana kwamba nimetaka kumuua baba yake.

Alipotulia nilimwambia nitasema yote redioni.

"La. Redioni utasema kwa sauti yako hiyo nzuri, watu wapige simu wakusifu kwamba ni mkweli. Utatoka umepata jina tena. Weye ulipewa kazi ya kupeleka msiba. Haujafika. Upeleke."

"Wingwi?"

"Kwa miguu, mlango kwa mlango, kama unavyopelekwa msiba. Bisha hodi, useme Bi Thuraiya binti Sameer amekufa. Wakikuuliza lini, wajibu. Na langu la Usama ulitaje pia. Usitoe lako ukaficha langu."

"Na wasia?"

"Wasia upo pale pale. Kwani nani kaja kunihani?"

Jumatano, 23 Oktoba

Nimemwambia Ummi. Alifuta mstari ule wa hali ya simu kwenye daftari lake. Kipindi atakiendesha yeye mpaka msiba ufike. Baada ya hapo "kususia" litatoka, na masahihisho yatasomwa na yeye, jina langu likiwamo. Nilimuuliza kama naweza kumwandikia. "Hapana, Maalim," akasema. "Hii ni habari ambayo wewe umo." Ndivyo nilivyopaswa kumfundisha.

Jumatano, 30 Oktoba

Wingwi. Nilianza saa moja na nusu asubuhi. Mpeleka msiba hakai, hanywi maji, husema akapita. Nyumba arubaini na moja. Ishirini na sita zilikuwa zimefungwa: ni msimu, watu wamekwenda kupiga dago kwenye mashamba ya karafuu upande wa magharibi, wanachuma na kulala huko huko. Nilikuta wazee, wagonjwa na wanawake wenye watoto wachanga.

Nyumba ya kwanza, bibi kizee. Nikabisha, nikasema. Akaweka mikono kichwani.

"Innalillahi. Amekufa lini?"

"Mwaka tisini na sita, bibi."

Akaishusha mikono. "Umecheleweshwa na nini mwanangu, barabara?"

Nikamweleza. Alinisikiliza, akavuta kanga, akasema: "Alinifundisha Yasini. Nilidhani alituchukia." Kisha akafunga mlango polepole.

Nyumba ya tisa, mwanamke mmoja alidhani ni mzaha wa redio na akatafuta kamera. Nyumba ya kumi na mbili walinifukuza. Nyumba ya kumi na nne, mzee mmoja aliuliza ninagombea nini.

Kificho alinisikiliza akiwa amesimama.

"Kwa hiyo mwandishi wa gazeti lile ni weye."

"Mimi."

"Na juzi ukaja kunikamatia mbuzi."

"Ndiyo."

"Turki anajua kwamba sie tulikuwa hatujui?"

"Anajua. Tangu Jumanne ya wiki iliyopita. Kaniambia nikwambie pia kwamba siku ya Usama alisikia redioni, alikuwa na gari na nguvu, na hakuja kwa makusudi."

Kificho aliangalia nyumba iliyo mkabala na yake, ile ambayo ilikuwa duka la Turki. Haina paa sasa.

"Umeniletea misiba miwili asubuhi moja," akasema. "Nimesikia. Pita."

Jumapili, 3 Novemba

Kwenye dago la kwanza, nyuma ya Wete. Alasiri, watu wamezunguka marundo, wanachambua karafuu kutoka kwenye vikonyo. Nilisema mbele ya wote. Vidole havikusimama. Kijana mmoja aliniuliza: "Mwandishi, leo unaandika au unaandikwa?" Wakacheka wote pamoja.

Msichana aliyezaliwa miaka mingi baadaye alisema: "Mimi nimekatazwa kuwasalimia wale tangu mdogo. Sokoni napita kama siwaoni. Sasa nani wa kuniambia niwasalimie?" Alikuwa ananitazama mimi.

Jumatano, 6 Novemba

Dago la pili na la tatu. Mvua ilinikuta njiani. Nyumba ishirini na sita zimetimia.

Alkhamisi, 7 Novemba

Nilimsikiliza Ummi nikiwa nyumbani. Neno: dola, ambalo kwa Kiarabu lilikuwa na maana ya zamu, jambo linalozunguka kwa huyu na yule. Alieleza kwa dakika nne, bila pambo. Anafanya vizuri kuliko mimi.

Ijumaa, 15 Novemba

Wazee wa Wingwi wamekutana baada ya sala ya Ijumaa. Watakwenda Vitongoji kuhani na kusoma hitima, Kurani ya kumwombea Bi Thuraiya. Bibi wa Yasini amesema atakwenda hata kama wanaume watabadili mawazo. Nilipeleka jibu kwa Mzee Turki, naye akaongeza ombi: hitima isomwe kwa majina mawili, Bi Thuraiya na Usama, kama baba yake Usama atakubali.

Kwangu mimi hakuongeza kitu. Nilikaa robo saa. Hakunipa radhi, na sikumwomba mara ya pili.

Jumatatu, 18 Novemba

Kificho, kwa simu: "Jina la mwanangu halisomwi kwa Turki bila mie kuwapo. Na kama nitakuwapo, sijui. Usinipigie tena."

Jumatano, 20 Novemba

Yumna amepiga simu saa tatu asubuhi. Mzee amekataa kurudishwa hospitali kabla ya Jumapili. Miguu imevimba. Ametaka mito minne, ili awe amekaa wageni watakapoingia.

Wasia haujabadilishwa. Nilimuuliza Yumna mara mbili ili niwe na hakika. Baba yake amesema ataona kwanza ni nani wamekuja.

Hitima ni Jumapili, tarehe 24 Novemba, saa nne asubuhi, Vitongoji. Mashahidi wawili wa wasia wameitwa wafike saa tano.